Msumari wa Shaba Kwenye Kitako

Shabani na Riziki, mmenisumbua vya kutosha. Tangu siku niliyowakabidhi funguo za karakana, kila anayepita nyumbani kwangu analeta ujumbe wenu: mzee aandike, mzee aandike kabla hajasahau. Sijasahau kitu. Ni macho tu hayafiki tena mwisho wa mtutu, na fundi wa bunduki ambaye macho yake yanaishia katikati ya mtutu anapaswa kukaa kwake anywe chai. Kwa hiyo nimekaa, chai ninayo na kalamu ninayo. Asije mtu kunisahihishia maandishi. Nimesahihisha bunduki za Kasongo na Kabambare nzima na sikumcheka mtu, au nilicheka kidogo.

Mnataka niwaeleze namna ya kuijua bunduki ya kuwindia ya bei nafuu, hii ya komeo, ambayo unainua mkono wake, unavuta nyuma, unatia risasi, unasukuma mbele na kushusha. Nitaeleza. Lakini Riziki, kuna siku uliniuliza kwa nini pale ukutani, juu ya dirisha, kuna bunduki isiyo na komeo ambayo haiuzwi wala haitengenezwi. Nilikuambia ukachemshe maji. Ulichemsha, ukaninunia siku kadhaa, na ulikuwa na haki. Leo nitakujibu, ila nitafika huko kwa mwendo wangu.

Niliingia kwenye kazi hii kwa kumkimbia baba. Yeye aliuza vitambaa sokoni Kasongo, kama baba yake na babu yake, na alitaka nikae nyuma ya meza nipime vitenge mpaka nizeeke. Mimi nilipenda vyuma. Kwenye barabara ya kwenda misheni kulikuwa na karakana ya Papa Ildefonse, mtu wa kabila la Wabangubangu wa Kabambare aliyejifunza ufundi kwenye gereji za malori ya pamba, enzi hizo pamba yetu ilipokuwa bado na malori. Alikuwa mtu mfupi, mkali, wa kwenda misa kila asubuhi, mwenye vidole vilivyopinda kwa kushika tupa. Baba aliposikia nimekwenda kwake alimfuata mpaka mlangoni.

"Mutoto wa Kiislamu afundishwe na mutu anakula nguruwe?" aliuliza.

"Bunduki haijue nani anakula nini," Papa Ildefonse alimjibu, bila kuinua uso.

Waliendelea kutaniana hivyo miaka yote, na baba alipokufa, Papa Ildefonse ndiye aliyelia kwa sauti kubwa kuliko ndugu zake.

Siku ya kwanza hakunipa kazi. Alinipa kitambaa, bunduki mbili za aina moja, na makomeo yake mawili aliyokuwa ameyachomoa na kuyachanganya mfukoni. "Rudisha kila moja kwake," alisema, akaenda kunywa kahawa. Komeo la kwanza liliingia vizuri kwenye bunduki zote mbili. La pili vilevile. Aliporudi nilimwambia, kwa furaha ya mjinga, kwamba yote yanaingia kote.

"Ndiyo, inaingia," alisema. "Hata weye unaweza kuingia mu nguo ya mwenzako. Iko yako?"

Akawasha koroboi, akayapitisha masikio ya komeo juu ya moshi hadi yakawa meusi. Masikio ni zile nundu mbili za chuma zilizo mbele ya komeo. Ndizo zinazojifunga ndani ya bunduki na kuzuia moto usirudi usoni mwako. Alilisukuma komeo, akalishusha, akalitoa tena. Kwenye bunduki yake halisi, masizi yalikuwa yamefutika kwenye masikio yote mawili. Kwenye bunduki nyingine yalifutika sikio moja tu. La pili lilibaki jeusi, maana yake halikugusa kitu.

"Sasa ile moto yote inabebwa na sikio moja," alisema. "Leo itabeba. Kesho itabeba. Kisha siku moja itachoka."

Hilo lilikuwa somo la kwanza, na hata mkisahau mengine yote, hilo mlishike: kila komeo lina bunduki yake. Mngeshangaa ni wangapi hukosea hapo. Mnajua wawindaji wa kwetu wanavyosafisha bunduki zao Jumapili baada ya misa, ndugu wawili watatu kwenye mkeka mmoja, soga nyingi, na makomeo yote yamelala kwenye sahani moja ya mafuta ya mawese. Wakimaliza, kila mmoja anaokota lililo karibu na mkono wake. Wanakwenda porini na makomeo ya kaka zao, na bunduki zinapiga, kwa hiyo hakuna anayejua.

Na hayo mawese nayo! Kwa nini mtu anunue mafuta ya mashine wakati mawese yako jikoni? Hapa mjini, kwenye joto, yanateleza vizuri. Ipeleke bunduki hiyo alfajiri kwenye vilima vya Kabambare uone. Mawese yanaganda ndani ya komeo, pini ya kupigia inasita. Mwindaji anavuta kifyatulio, kimya. Anasema imekataa, anainua mkono wa komeo ili atazame ndani, na risasi ndipo inakumbuka kazi yake. Tulimpokea mmoja wa namna hiyo aliyebaki na jicho moja, na jicho hilo moja lilikuwa bado linamtafuta aliyemroga. Waambieni watu waoshe komeo kwa mafuta ya taa, walikaushe, watie tone la mafuta ya cherehani. Na bunduki ikikataa, waielekeze pembeni na kungoja kabla ya kugusa chochote. Niliwahi kuletewa bunduki iliyonukia mchuzi hadi paka wa jirani akaja kukaa mlangoni.

Sasa kuhusu bei. Watu hutamka "bei nafuu" huku wamekunja midomo. Mimi sikunji. Aliyeitengeneza bunduki hiyo alikuwa na kidogo cha kutumia, akaamua abane wapi, na kazi yenu ni kutafuta alipobana. Akibana kwenye mbao, msamehe. Mbao zetu ni nzuri na Riziki anazijua. Akibana kwenye kung'arisha chuma, msamehe, nguruwe pori haangalii rangi. Akiweka sanduku la risasi la plastiki, mwambieni mnunuzi asiliangushe kwenye mawe. Lakini akibana kwenye komeo, kwenye chumba cha risasi au kwenye kizuizi cha usalama, ikataeni, hata mnunuzi akilia. Wengine watalia kweli.

Chomoeni komeo, elekezeni mtutu dirishani ili ubao wa dirisha utupe kivuli chake ndani. Kivuli kikienda kimenyooka mpaka mwisho, mtutu umenyooka. Kikikatika mahali, tatizo liko hapo hapo. Piteni na pamba kwenye mdomo wa mtutu. Nyuzi zikinasa, kuna makovu, na risasi itatoka imekasirika. Ingizeni karatasi kati ya mtutu na ubao wa bunduki. Ikikwama, ubao unausukuma mtutu, na mvua zikija utausukuma zaidi. Kisha rudisheni komeo, kazeni bunduki tayari kupiga ila ikiwa tupu, wekeni kizuizi, mgonge kitako kwa ndala. Ikifyatuka, msibishane nayo. Na msiihukumu bunduki kwa kelele. Komeo la bei nafuu hucheza likiwa wazi. Likifungwa ndipo lisicheze. Niliwahi kuikataa bunduki nzuri kwa sababu ya kelele hizo, na Papa Ildefonse alinipiga kofi la kisogo ambalo kisogo kinalijua mpaka leo.

Bunduki iliyopita majaribio yote, Papa Ildefonse aliipigilia msumari mdogo wa shaba chini ya kitako, upande wa kulia. Hakukuwa na cheti wala maneno. Kutoka Lusangi au Salamabila mpaka Kasongo ni mbali, njia ni mbovu, na si kila anayenunua bunduki kwa mwenzake anaweza kuja kwetu. Mnunuzi alipouona msumari alijua kwamba mtu fulani mjini Kasongo alikuwa ameitazama kwa macho yake. Mwindaji naye alikuwa na adabu yake: mnyama wa kwanza wa bunduki mpya, shingo ni ya fundi. Papa Ildefonse alipozeeka alinikabidhi kopo la misumari ile. Sikuwahi kupewa kitu kilichonifurahisha zaidi, na nilioa mara mbili.

Ndipo akaja Mupenda.

Alikuwa mkulima wa Lusangi, mtu mrefu mwenye meno yaliyopishana, mcheshi. Nguruwe pori walikuwa wanamla yeye, yaani walikuwa wanakula mihogo yake, na kwa mtu mwenye watoto ni kitu kimoja. Alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu Salamabila kwa msimu mmoja, na mfanyabiashara wa huko akamuuzia bunduki kwa makubaliano kwamba aende nayo Kasongo ikatazamwe. Ikionekana mbaya, airudishe. Aliifunua kutoka kwenye kitenge cha mke wake mbele yetu sote.

"Fundi, angalia hii kitu," alisema. "Iko bunduki ao iko muti?"

Swali lilikuwa la haki. Ubao ulikuwa mweupe uliopakwa rangi, kizingio cha kifyatulio kilikuwa bati lililokunjwa, na komeo lilikwaruza kama mtu anayesaga karanga. Nilitumia mchana wote. Nilianza kwa dirisha, nikaendelea kwa pamba, karatasi, ndala, na mwisho masizi ya koroboi. Masizi yalifutika masikio yote mawili, sawasawa, hata Papa Ildefonse akaja kutazama. Kivuli ndani ya mtutu kilikwenda kimenyooka kana kwamba kimepigwa rula. Aliyeitengeneza alikuwa amebana kila mahali pasipo na maana na hakubana kokote penye maana.

"Iko muzuri," nilimwambia. "Iko muzuri sana. Ni sura tu haina."

"Hata miye siko na sura," Mupenda alisema, "na Feza alinikubali."

Nikapigilia msumari. Nilimfundisha mengine pia: asichanganye komeo na la mtu, asitie mawese, na kwa sababu ya watoto, bunduki ilale mahali pamoja na komeo mahali pengine. Bunduki isiyo na komeo ni fimbo tu, nilimwambia. Alirudia maneno hayo barabarani, akicheka.

Hazikupita siku nyingi alirudi na shingo, kwa adabu zote, imefungwa vizuri kwenye majani ya mgomba. Ilikuwa shingo ya nguruwe. Alikuwa ameibeba kutoka Lusangi mpaka kwangu mimi, Ramazani bin Saidi, ambaye babu yake aliadhini msikitini. Karakana nzima ilicheka mpaka Mupenda akataka kukimbia kwa aibu. Papa Ildefonse aliipokea shingo kwa niaba yangu na kuila kwa ibada kubwa. Tangu siku hiyo Mupenda aliniletea asali badala yake, kila mara alipokuja mjini, na akaniita muzee wa asali. Alikuwa rafiki yangu. Naandika neno hilo moja kwa moja kwa sababu sikumwambia alipokuwa hai.

Papa Ildefonse alikufa kabla ya vita kufika kwetu, na nimemshukuru Mungu kwa hilo. Vita yenyewe siiandiki. Wengine wanaijua kuliko mimi, na waliopotelewa zaidi hawahitaji maelezo ya fundi. Nitaandika sehemu ya msumari tu. Watu wenye silaha walikuwa wanatembea vijijini upande wa Kabambare wakitafuta chakula na bunduki. Wawindaji walikuwa na bunduki za kila aina, nyingine zikiwa hatari zaidi kwa mwenye kuzishika. Sijui nani aliwaambia. Labda waliona wenyewe kwamba zenye msumari ndizo zinazopiga vizuri. Nilisikia kwa dereva mmoja wa pikipiki kwamba sasa wakifika kijijini hawaulizi tena nani ana bunduki. Wanauliza, "Ya musumari iko kwa nani?"

Nilichukua koleo nikapanda pikipiki. Nilipita kwa wale niliowafikia, nikang'oa msumari mmoja mmoja. Lusangi nilifika mwisho. Mupenda alikuwa anamenya karanga na mke wake Feza, tuliyemwita Mama Feza kwa heshima, mwanamke mdogo wa umbo, mtulivu, ambaye nilikuwa nimekula ugali wake mara nyingi.

"Lete bunduki nitoshe musumari," nilimwambia.

"Uliuweka weye mwenyewe."

"Na miye nautosha."

Aliileta. Nilipouvuta, alitazama mahali ulipokuwa. "Shimo inabaki, fundi," alisema.

"Tutaliziba."

Mama Feza alileta nta ya nyuki, ile ile ya asali yangu. Niliijaza shimoni, nikaisawazisha kwa kucha, nikapaka masizi juu yake mpaka ikafanana na ubao. Ilikuwa kazi nzuri. Niliinua kitako kwenye mwanga nikaridhika nacho, na kuridhika huko ndiko kunanichoma mpaka leo kuliko mengine yote. Nilikunywa maji, nikawaaga, nikarudi Kasongo kabla njia haijafungwa.

Yaliyofuata alinieleza Mama Feza mwenyewe njia ilipofunguka tena. Walikuja asubuhi. Mupenda aliwapa bunduki bila ubishi. Mmoja wao aligeuza kitako, akapitisha ncha ya kisu, nta ikatoka. Wakachekelea. Kumbe walikuwa wamejifunza: yenye msumari ni nzuri, na yenye msumari uliofichwa ni ile ambayo mwenyewe hataki kabisa kuipoteza. Wakataka komeo. Komeo lilikuwa ndani ya kikapu cha unga wa muhogo, karibu na mguu wa Mama Feza, kwa sababu fundi mmoja wa Kasongo alikuwa amewaambia lilale mbali na bunduki.

"Lilianguka mu muto Luama," Mupenda aliwaambia.

Walimpiga. Mama Feza aliinama ili aingize mkono kwenye unga, na Mupenda, akiwa chini, alimtazama na kutikisa kichwa. Ni mara moja tu, Mama Feza alisema, lakini alimwelewa. Siku nyingi Mupenda alikuwa akisema kwamba bunduki ile aliinunua kwa ajili ya nguruwe, si kwa ajili ya watu. Bunduki waliichukua hivyo hivyo, bila komeo, na yeye wakamchukua awabebee magunia. Hakurudi. Baadaye mtu aliyetoroka alisema kwamba alikufa njiani, wakamwacha huko. Watoto walibaki na mihogo na nguruwe.

Mama Feza hakunilaumu. Alinieleza kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni, huku anatwanga. Nilirudi mjini nikalitupa kopo la misumari chooni, na kuanzia hapo bunduki iliyopita kwangu ilitoka kama ilivyoingia. Mwenye bunduki nilimwambia kwa mdomo, mlango ukiwa umefungwa. Wazee walilalamika kwamba nimeharibu desturi ya Papa Ildefonse. Niliwaacha walalamike. Ninyi wawili mlipoanza kazi hamkuwahi kuuona msumari hata mmoja.

Halafu miaka ikapita, kwa namna yake ya kupita, mpaka mwaka huu wangu wa mwisho wa kazi. Shabani ulikuwa Kabambare kwa ile mashine ya mchele. Riziki, wewe ulikuwepo, unapiga randa; utamkumbuka kijana wa Salamabila aliyekuja na koti la mvua la kijani, Pascal. Alikuwa na mke, mtoto mchanga na karatasi mpya zilizo sawasawa. Bunduki aliinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu. Alitaka niikaze ubao tu.

Niliigeuza. Chini ya kitako, upande wa kulia, kulikuwa na shimo dogo lililojazwa rangi. Kizingio cha kifyatulio kilikuwa bati lile lile lililokunjwa. Macho yangu yalikuwa tayari mabaya, lakini vidole havikuhitaji macho. Nilikutuma ukanunue misumari ya mabati ambayo hatukuihitaji, unisamehe, kwa sababu sikutaka unione.

Komeo halikuwa lake. Lilikuwa limeng'arishwa na mtu, likapunguzwa kwa tupa ili liingie. Niliwasha koroboi. Sikio moja lilifutika. La pili lilitoka jeusi kama lilivyoingia.

"Umepiga nayo?" nilimuuliza Pascal.

"Imeua swala mbili tayari, muzee."

"Itaua na wa tatu. Kisha itakugeukia weye."

Alitazama sikio lile jeusi, akafikicha shavu. Hakuwa mbishi, ila alikuwa kijana, na nilijua nikimrudishia hivyo atampata fundi mwingine njiani atakayemwambia mzee wa Kasongo ni mwoga. Bunduki ile ilihitaji kitu kimoja tu, komeo lake. Mimi ndiye pekee mjini niliyejua lilipo. Nilimwambia aniachie, aende kulala kwa shemeji yake, aningoje. Kesho yake nikapanda nyuma ya pikipiki kwenda Lusangi, na mgongo wangu mpaka leo haujaniwia radhi.

Mama Feza sasa ni bibi. Alinikaribisha, akanipa kiti, akauliza habari za wote mpaka zikaisha. Nilimwambia bunduki imerudi. Nikamweleza habari ya Pascal na mtoto wake mchanga, na sikio jeusi, na jinsi uso wa kijana unavyoweza kuharibika. Nilimwomba komeo.

Aliingia ndani akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa amelishika kwenye kitambaa. Lilikuwa safi. Alikuwa amelipaka mafuta miaka yote hiyo, mafuta ya cherehani, kama nilivyomfundisha mume wake. Hakunipa.

"Muzee Ramazani," alisema, "Mupenda alikufa juu ya hii chuma, ili isipige watu. Weye unakuja kuniomba ipige?"

Nilisema kitu kuhusu kijana yule, na nikaisikia sauti yangu mwenyewe, ya mtu anayebembeleza.

"Kijana, mupe bunduki ingine," alisema. "Fundi hawezi kukosa bunduki."

Alikuwa na haki, na jambo hilo jepesi halikuwa limenijia kichwani njia nzima. Nilikuwa nimefikiria kuiponya bunduki tu. Nilisimama ili niage. Alikuwa bado ameshika komeo, analigeuza kwenye kitambaa.

"Ile bunduki yenyewe," aliuliza, "bado iko muzuri?"

Kazi yangu yote nimejibu swali hilo bila kusita, na pale nilisita. Ningeweza kusema imeoza. Ningeweza kusema ilikuwa chuma cha bure tangu mwanzo. Lakini alikuwa ananitazama usoni.

"Iko muzuri, mama," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa polepole. Hakuwa na hasira hata kidogo, ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Ile siku ya kwanza ungesema tu iko mubaya," alisema. "Angeirudisha."

Pascal nilimpa bunduki yangu mwenyewe, ile aliyoniachia Papa Ildefonse, yake ikabaki kwangu, tukaenda pamoja teritware, ofisi ya serikali, kubadilisha karatasi. Aliuliza kwa nini. Nilimwambia mzee hana nguvu za kuwinda tena, naye akaridhika. Komeo lile lililopunguzwa kwa tupa nililikata vipande kwenye jiliwa. Wiki ile ile niliwaambia ninyi kwamba macho yamekwisha, na ni kweli yamekwisha, lakini sasa mnajua na sababu ile nyingine.

Riziki, ndiyo hiyo iliyo ukutani. Msiiuze, msiitafutie komeo. Nimetafuta kosa ndani yake tangu nilipotoka Lusangi, kila siku niliyobaki karakana, nikitamani niwe nilikosea ile siku ya kwanza, na sikuliona. Mkiwa na nafasi, ninyi mlio na macho, ishusheni muielekeze dirishani. Kivuli bado kinakwenda kimenyooka mpaka mwisho.